Mpira Uliompiga Esther

Buzebazeba, Ujiji,
Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Asumani,

Shikamoo. Habari za Tanga, na goti lako linaendeleaje baada ya operesheni? Sisi huku ni wazima, ila bibi anasumbuliwa kidogo na kikohozi. Glovu uliyonitumia ilifika salama. Nimechelewa kukushukuru kwa sababu kwa muda sikutaka hata kuiona.

Mwezi wa tatu, kwenye mazoezi ya besiboli, nilimpiga rafiki yangu Esther kwa mpira. Yeye alikuwa ameshika gongo la kupigia, mimi natupa. Mpira ulimpata tayani, taya likavunjika. Wiki tano alikunywa uji kwa mrija.

Nilikwenda kuomba radhi kwa mama yake, anayeanika dagaa Kibirizi. Hakunigombeza. Aliendelea kugeuza dagaa, akasema, "Sina kinyongo nawe, mwanangu. Ila Esther harudi uwanjani mpaka ujue mpira wako unakwenda wapi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, maana kweli sikujua. Nikaanza kutupa taratibu, nikidhani tatizo ni nguvu. Mpira ulikwenda polepole na bado ukapotea, juu na kulia, pale pale anaposimama mpigaji.

Mwalimu wetu Bonaventura akanirekodi kwa simu, tukaangalia pamoja. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatua pembeni badala ya kuelekea kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Hapo kifua kinafunguka mapema, mkono unabaki nyuma, na mpira unaniponyoka kabla ya wakati. Akachora mstari wa majivu, nikawa naukanyaga kila ninapotupa. Miezi miwili, Mjomba. Siku zote nilidhani shabaha ni macho tu, wala sikuwahi kuangalia ninapokanyaga.

Jana Esther alikuja na mama yake. Akashika gongo, akasimama mahali pale pale.

"Tupa kama siku zote," akaniambia. "Usinihurumie."

Nilitupa mipira kumi, kwa nguvu zangu zote. Saba ilipita mbele yake sawasawa, miwili ikaenda chini, mmoja mbali upande wa pili. Hakuna uliomwelekea.

Mama yake alijifunga kanga vizuri, akaondoka kwenda Kibirizi peke yake, akamwacha Esther uwanjani.

Nisalimie mkaza mjomba Jamila na binamu zangu wote. Bibi na mama wanakusalimu sana. Mungu awazidishie afya na amani nyumbani.

Wako akupendaye,
mpwa wako Shadia