Gari Lililonifichia Mguu

Kwa Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba wanafunzi wako wa udereva hawajakuongezea mvi. Sisi huku tupo. Wifi yako anakusalimu sana. Ni mzima wa mwili na wa ulimi pia. Hali yangu mimi nitakueleza polepole, maana nikianza nayo hapa juu hutaimaliza barua, utakimbilia stendi.

Barua yako niliipata. Nilicheka ulivyovisifu viatu vyako vipya, kwamba ni laini hadi pedali huzihisi kabisa, kama mtu anayekanyaga pamba. Wifi yako akasema naye anataka jozi kama hiyo. Kisha ukaniuliza kuhusu lile gari langu la spoti la viti viwili, ambalo wifi yako analiita mke mdogo: je, ule mtambo wa kujipigia resi wenyewe ukishusha gia unamfaa mtu wa kawaida anayekwenda kazini na sokoni, au ni mbwembwe tu? Jibu lako ulishalitoa mwenyewe, kama kawaida yako. Ulisema mguu wa dereva ni sikio lake, na anayeiachia mashine kusikia atakuja kuwa kiziwi.

Nilikuwa tayari kukujibu kwa kiburi. Wewe ndiwe uliyenifundisha, kwenye lori la marehemu Baba, kwamba ukishusha gia sharti uguse mafuta kidogo klachi ikiwa chini, ili injini na magurudumu yaende sawa, gari lisiruke kama mbuzi. Tena uguse kwa ubavu wa mguu huohuo ulioko kwenye breki. Nilipigwa makofi mangapi ya kisogo kwa ajili ya ubavu huo, Dada? Sasa gari hili linafanya yote lenyewe. Wewe unashusha gia tu, linanguruma kidogo, gia inaingia kama kisu kwenye siagi. Tangu nilinunue sijawahi kuuzima mtambo huo, na kila niliyempakia alinisifu kwa ulaini wangu. Nami nikazipokea sifa zote, sikulibakizia gari hata moja.

Aliyeniharibia ni jirani yangu kinyozi, unamjua alivyo. Jumamosi nilimpa lifti, akaniangalia nikishusha gia, akasema kwamba mimi si dereva, ni abiria niliyepewa usukani nishikilie. Akaongeza kwamba hata yeye angeniachia wateja wake kama mashine ingekuwa inanyoa yenyewe. Nikamwambia fundi makochi kama mimi hafundishwi mguu na mtu wa mikasi. Nikabonyeza kitufe, taa ya mtambo ikazimika.

Tulikuwa kwenye mteremko unaoelekea mzunguko wa barabara, pale penye bustani ya manispaa. Nikakanyaga breki, nikakanyaga klachi, nikashusha kutoka gia ya tatu hadi ya pili, nikageuza ubavu wa mguu kugusa mafuta. Niligusa, Dada. Kichwani mwangu niligusa. Injini ikapiga yowe, gari likaruka mbele badala ya kupungua, nami nikawa nakandamiza breki ambayo kumbe haikuwa breki. Tulipanda ukingo, tukalaza maua, tukasimama karibu na benchi alilokalia mzee mmoja na gazeti lake. Mzee aliinua miguu yote miwili, akatutazama, akairudisha chini taratibu. Hakuna aliyeumia. Nikazima injini.

Kinyozi, alipopata pumzi, aliuliza kama hayo ndiyo mafunzo ya dada yangu. Kwa aibu nikasema kosa ni la kiatu, soli ni nene mno. Nikakivua nimwonyeshe.

Dada, soksi ilikuwa imelowa damu. Kijisumari cha makochi, kile tunachopigilia kitambaa, kilikuwa kimepenya soli na kuzama chote kwenye unyayo wangu. Tangu asubuhi nilikuwa nakitembelea. Nilipanda ngazi nacho, nilibeba kochi nacho. Sikukihisi. Kinyozi aliacha kucheka, akanishika bega, akanipeleka hospitali. Ukimwona kinyozi ameacha kucheka, jua mambo yameharibika.

Daktari, binti mpole anayetosha kuwa mwanangu, aliniambia nifumbe macho; atanigusa nyayo kwa uzi mgumu, nami niseme ndiyo kila nikihisi. Nikafumba. Nikangoja. Nikaona anachelewa, nikamwambia niko tayari, aanze. Akaniambia amekwisha maliza.

Ni sukari. Inaelekea nimeishi nayo miaka bila kujua, nayo imekula hisia za miguu yote miwili. Kidonda kinatibiwa, mguu wanasema utapona nikitii, ila usukani nimekatazwa. Mke mdogo amefunikwa turubai, na mkubwa hajatania hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jibu la swali lako ni hili. Mtambo ni mzuri, kwenye foleni na kwenye mvua utamfaa yeyote. Lakini waambie wanafunzi wako wauzime mara mojamoja, waulize mguu kama bado upo. Wangu ulikuwa unaondoka, na gari likawa linanifichia kwa adabu.

Daktari aliniuliza kuhusu wazazi. Nikamkumbuka Baba alivyoshinda na kokoto kiatuni siku nzima bila kuihisi, sisi tukamcheka mezani. Kisha akauliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja, mwalimu wa udereva. Na palepale maneno ya barua yako yakanirudia, kwamba pedali huzihisi.

Dada, vua hivyo viatu. Usimalize kukunja barua hii. Kaa kitandani, fumba macho, mwambie shemeji akuguse vidole vya miguu kimoja kimoja, wala asikuambie anapoanza. Kisha nendeni hospitali, hata kama umehisi vyote.

Wasalimie wapwa zangu, na shemeji mwambie namwamini kwa kazi hii. Nangojea simu yako, si barua.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba