Takataka za Baba

Kigera, Musoma

Kaka Masatu,

Huku hatujambo. Dagaa imeshuka bei, na goti langu limepoa.

Jana alikuja afisa wa bima. Yale magari ya bati aliyokuwa akitengeneza marehemu Baba yanakwenda kwenye maonyesho Nairobi, kwa hiyo aliyapiga picha moja moja na kuyathamini. Thamani yake imeishinda ile nyumba ya Baba ya Makoko uliyonifukuza. Akataka uthibitisho kwamba ni yangu. Nikampa karatasi ya kikao cha ukoo cha kugawa urithi, mwandiko wako mwenyewe: "Getruda achukue takataka zote za Baba."

Nasikia Jumapili unakuja kudai fungu lako. Karibu. Kuna kigari kimoja afisa alikirudisha, akasema hakina thamani. Ulikitengeneza wewe. Nimekiweka nje, usisumbuke kupiga hodi.

Dada yako,
Getruda