Mwendo wa Arobaini

Jumatatu, 4 Juni 1956
Sandoa, saa nane mchana. Chumvi na vitambaa vimeshushwa, hakuna gunia lililopasuka. Nimekimbia kilomita sitini kwa saa karibu njia yote. Bwana wa duka kule Kolwezi anataka arobaini, eti lori likienda polepole linakunywa mafuta kidogo. Kweli. Najua kuliko yeye. Lakini kwa arobaini nafika saa kumi na moja, mgongo umekwisha, na yeye njia hii hajawahi kuipita.

Jumatano, 6 Juni
Nimerudi Kolwezi. Bwana ametumbukiza kijiti chake ndani ya tangi. Kimetoka kikavu. Kikitoka kikavu tena, kazi basi, na nyumba aliyonipa mtaa wa Dilala narudisha ufunguo. Mke wangu Kapinga sijamwambia. Ana mimba ya miezi saba. Hasira ninayo, zaidi kwangu mwenyewe.

Jumatatu, 11 Juni
Arobaini, kama mtoto mtiifu. Moshi wa majani yaliyochomwa umefunika barabara. Baada ya daraja nilimpita mtu anatembea, ana debe mkononi. Nusu saa baadaye nikampita tena. Debe lile lile, mgongo ule ule. Nikakanyaga mpaka sitini. Sikumwona tena hadi Sandoa.

Namjua. Ni Tata Kazadi, mzee aliyeendesha lori hili kabla yangu. Mwaka jana mafuta yalimwishia porini, akachukua debe, akaenda kutafuta mengine. Lori lilipatikana. Yeye hapana.

Jumanne, 12 Juni
Niko Sandoa bado. Nimezunguka lori asubuhi nzima. Nikikimbia simwoni, lakini mafuta hayanifikishi. Nikienda polepole yananifikisha, lakini naye ananifikia. Naogopa. Kwa umri wangu, aibu.

Jumatano, 13 Juni
Nimerudi. Chini ya arobaini njia nzima, kufidia zile mbio za juzi. Tangu saa nne asubuhi alitembea kando ya mlango wangu, sambamba na lori, bila kuhema. Debe likimgonga goti. Sikugeuka. Karibu na daraja akasema, kwa upole kabisa:

"Muzuri, ndugu. Polepole hivyo. Hata mi, safari ya kwanza, mafuta ilitoshaka."

Kijiti kimetoka kimelowa vidole vinne. Bwana amenipigapiga begani. Nikacheka kama mjinga.

Alhamisi, 14 Juni
Bwana ameniita. Kwa kuwa mafuta yamebaki, safari ijayo atanipunguzia kiasi kile kile kilichobaki. Nimemweleza kwamba nilitambaa, kwamba chini ya hapo injini inazimika mlimani. Amesema dereva mzuri hakosi njia. Nimeuliza kama Tata Kazadi naye alipunguziwa. Amefuta kijiti chake kwa kitambaa. Nikaomba basi akiba kidogo, ya kuweka nyuma ya kiti. Ameingia ghalani, ametoka na debe.

Tupu.

Jumapili, 17 Juni
Tumetoka misa. Baridi, jua zuri. Kesho Sandoa. Nimekaa mlangoni na sindano kubwa, nashona soli za viatu. Kapinga amesimama ananitazama, mkono juu ya tumbo.

"Juu ya nini shofere anashona bilatu?"

Nimemwambia cha kushoto kinaingiza mchanga. Amecheka, akaniletea uzi mwingine, ule mnene.