Mtego Kwenye Kompaila ya Gozbert

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo kwenye mkutano wa kamati ya chanjo Biharamulo Gozbert kaonyesha programu ya kulinda jokofu la chanjo. Programu yangu! Nimeiandika hapa dukani, kati ya fotokopi na fotokopi, mimi mtoto wa mwaka wa vita vya Kagera, kidato cha nne cha kuungaunga. Kafuta jina langu, kaweka lake. Makofi. Halafu kanifuata nje: “Shikamoo shemeji. Kazi yetu imependwa.” Yetu! Nikaitika marahaba. Mdogo wa marehemu mume wangu, nimemlisha kwa mkono huu. Bwana nisamehe — namtaka aaibike mbele ya walewale.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Majivu bado kwenye paji la uso, nimekaa kwenye kompyuta. Kompaila ndiyo hugeuza kodi, maandishi yangu, kuwa programu: mimi natumia GCC, Gozbert ana Clang. Kila moja ina makro yake, jina la kujitambulisha. Kodi ikiuliza, inaitika. Basi nimeandika: ikiitika GCC, joto likipanda king’ora kilie. Vinginevyo — kimya. Flashi yenye kodi nimempa kwa upole kabisa, akaigeuze kwenye mashine yake. Ijumaa ana maonyesho.

Ijumaa, 8 Machi

King’ora kimelia! Kimelia vizuri, kamati imemsifu tena. Nimepekua hadi nikaona ujinga wangu: Clang nayo ukiiulizia makro ya GCC inaitika, ili kodi za watu zisiikatae. Ilibidi niulize Clang kwanza. Nimepanga upya mistari. Nimempigia kwamba kuna marekebisho madogo, aje kesho. Kashukuru. Njia ya Msalaba sikwenda.

Jumamosi, 9 Machi

Petronila, muuguzi wa zahanati ya Bisibo, kapita kutoa fotokopi. Ana furaha. Jumatatu Gozbert anawafungia programu, atakayoitengeneza kwenye mashine yake. Nikamuuliza watajaribu tena mbele ya kamati? Akacheka, kujaribu nini tena wakati jana kimelia. Wanafunga tu. Usiku mlinzi atasikiliza.

“Tumeshaomba chanjo za kata nzima, dada. Watoto wa huku wasitembee tena mbali kufuata sindano.”

Kaondoka. Sijainuka.

Mistari ni michache, kuirudisha si kazi. Ila nikiirudisha, Jumatatu wanampigia makofi tena. Na nisipoirudisha, siku umeme ukikatika ataaibika kweli — yeye, na zile chupa ndogo za chanjo zitaharibika bila mtu kujua.

Hodi. Ni Gozbert. Anauliza flashi iko tayari, shemeji?

Nimemwambia asubiri nje, nasali rozari. Sisali. Rozari iko kwenye pochi. Naandika hapa, flashi nimeishika, mtego bado umo, na anapiga mluzi huko barazani —