Babu, Wasifu Wako Niliukosea

Babu, shikamoo. Najua huitikii, ila ulinikataza kuanza neno lolote bila shikamoo.

Babu, nimepata kitu! Jana nilikuwa kijiweni hapa Mvumi, nimekaa juu ya pikipiki nangoja abiria, nasoma kwenye simu. Nikakutana na Waslovenia. Ni watu wa nchi ndogo huko Ulaya. Vita vya kwanza vya dunia walipigana chini ya mfalme wa Austria, na wala hawakuwa kabila lake. Nikajiuliza, hawa walikuwa wanawaza nini? Wapo waliompenda mfalme. Wapo waliotaka nchi yao wenyewe. Ila askari wa kawaida, babu, wengi walichoka tu, wanawaza ng'ombe na mavuno, wanataka vita viishe warudi.

Nusura nianguke. Ni wewe!

Unakumbuka nilivyokuuliza ulikuwa unawaza nini vitani Uganda? Nilitaka useme nchi, chama, adui. Ukasema, "Nilikuwa nawaza uwele wangu, nani anafukuza ndege." Nikakucheka mbele ya wenzangu, nikakuita mwanajeshi wa uwele. Na wewe ukacheka. Ila hukunisimulia tena.

Halafu siku ya mazishi wakanipa mimi niandike wasifu wako. Nikajaza maneno. Marehemu aliwaka uzalendo, hakuwaza nyumbani hata siku moja. Nikausoma kama mtangazaji wa redio. Mzee Chilewa, uliyelala naye handaki moja, akasema taratibu, "Huyo tunayemzika ni nani?" Watu wakainama. Nimemnunia miezi yote hii.

Leo asubuhi nimemfuata. Nikamsomea habari za Waslovenia. Akasema hao wangemfaa yeye mwenyewe kule handakini. Halafu akaniambia, "Babu yako hakukimbia. Lakini alikuwa na shamba." Kumbe ulibadilisha sabuni yako upate karatasi ya kumwandikia bibi!

Na bibi anayo, babu. Kaitoa chini ya kanga zake. Mistari miwili, ya vita hakuna. Unamsalimu mbukwa, unauliza uwele umefika wapi, na ndege wakizidi amwite shemeji.

Nimelia, halafu nimecheka, bibi akadhani nimechanganyikiwa.

Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwako. Nitasoma wasifu mpya, na barua yako ndani yake, na Mzee Chilewa atakaa mbele. Uwele umeanza kukomaa, ndege wamekuja wingu zima. Pikipiki nimeipaki mpaka tuvune.

Pumzika, babu. Ndege nawafukuza mimi.