Maonyesho ya Viraka Mbele ya Baba Mkubwa

Nyumba ya Geti la Bati,
Nyuma ya Karakana ya Useremala.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hii kwa niaba yangu na ya wadogo zangu wote, ambao wamenizunguka hapa mezani, kila mmoja akitaka yake iandikwe kando ili isichanganywe na ya mwenzake. U hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Na ile baridi ya huko, uliyowahi kutuambia kwamba hupenya hadi kwenye meno, imewaachia? Naomba barua hii ikukute na afya, na kazi isiwe imekulemea.

Sisi kimwili tu wazima. Kikohozi cha kitinda mimba wetu, yule tunayemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, kimepona kabisa. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo, na nimeitanguliza kusudi, ili usije ukadhani sioni pa kushukuru.

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia. Namba yako ilikuwa katika simu ya mama, na simu hiyo ilizima moja kwa moja muda mfupi baada ya mazishi yake. Barua hii inaletwa na muuguzi jirani yetu, ambaye anarejea kazini katika mji ulipo wewe. Ameniahidi kukukabidhi mkononi siku hiyohiyo atakayofika. Tafadhali isome hadi mwisho, hata kama amekukuta mlangoni umevaa viatu.

Shangazi, Baba Mkubwa ameamua kuwagawa watoto. Jumamosi hii anakuja na gari. Pacha mmoja atakwenda kwake, na mwenzake atapelekwa kwa Mama Mdogo, safari ya kutwa nzima kutoka hapo. Chiriku atapewa jamaa ambao hawakujaliwa mtoto, watu ambao hata sura zao hazijui. Wale wawili wa katikati watatafutiwa shule ya bweni. Dada anayenifuata ataacha masomo kwa muda ili amsaidie mke wa Baba Mkubwa dukani. Mimi, kwa maneno yake, nitakuwa nimefunguliwa mikono nitafute kazi.

Nakiri kwamba hana nia mbaya. Yeye ndiye aliyetuuguzia mama, na mpaka leo hapiti hapa bila mkate kwapani. Ndiyo maana uamuzi wake unanitisha. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumshikia.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapa, kwa sababu sehemu kubwa imepitia mikononi mwangu.

Nilipohitimu, wewe ndiwe uliyetuma salamu kwamba ukoo sasa umepata mchumi. Niliyahifadhi maneno hayo kama wengine wanavyohifadhi cheti. Mama alipotutoka, na majibu ya maombi yangu ya kazi yakawa ni ukimya mtupu, nilijiambia kwamba uchumi ni uchumi, uwe wa taifa au wa jiko. Asubuhi na jioni nawafundisha watoto wa watu masomo ya ziada. Muda uliobaki naiendesha nyumba hii kwa nidhamu ambayo, naweza kusema bila kujisifu kupita kiasi, isingenitia aibu mbele ya wakufunzi wangu.

Shuka linapochakaa katikati, nalipasua kwa urefu, kisha naziunganisha zile kingo ambazo bado ni nzima ziwe ndizo katikati, na palipochakaa pawe pembeni pa kuchomekwa chini ya godoro. Kola ya shati la shule ikichanika, naifumua na kuigeuza, upande wa ndani ukatazama nje. Godoro la mapacha nimelijaza mabaki ya vitambaa anayoyatupa fundi cherehani. Nayachambua, nayakatakata, nayaanika, na kila wiki nalipiga fimbo lisigande. Vipande vya sabuni vilivyobaki kama kucha navikusanya, navilainisha kwa maji ya moto na kuvikandamiza katika kopo mpaka viwe mche mpya. Maharagwe nayachemsha kwa muda mfupi tu, kisha sufuria naizamisha katika kapu kubwa lililosheheni matambara. Huko hujiivia yenyewe kwa joto lake, na makaa yanabaki kwa ajili ya uji wa kesho.

Mtaani nimepachikwa jina: Profesa Sindano. Seremala wa karakana ya mbele hunisubiri nikianika nguo, akapaza sauti, "Profesa! Leo umeshona nini, chai?" Nami humjibu kwamba chai nimemaliza, sasa napiga pindo maji ya kunywa. Vibarua wake hucheka mpaka misumari inawatoka midomoni. Sikuwahi kuumia. Niliamini kwamba ipo siku mtu mwenye uzito ataiona kazi hii, na vicheko vitakoma.

Basi Baba Mkubwa alipotuma ujumbe kwamba angekuja Jumapili ya tarehe mosi "kuangalia mambo yanakwendaje", niliona siku hiyo imefika. Shangazi, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta sebuleni. Juu yake nikatundika shuka lenye mshono, mashati ya kola zilizogeuzwa, na soksi zilizoungwa visigino. Juu ya meza nikapanga miche ya sabuni, na kapu la maharagwe nikaliweka katikati kama mgeni rasmi. Kila kitu nilikibandikia kikaratasi chenye maandishi safi: Kabla, na Baada.

Watoto niliwaweka chumba cha nyuma na kuwaomba wasitoke mpaka niwaite, wasije wakavuruga mpangilio.

Baba Mkubwa aliingia, akainama kupita chini ya kamba, akaketi. Nilimpa maelezo yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilichukua utulivu wake kuwa ni heshima, nami nikazidi kupanda, nikafikia hata kumweleza kuhusu upotevu wa joto katika sufuria. Aliushika mshono wa lile shuka, akaupitisha kati ya vidole viwili, polepole, kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Kisha akafika kwenye masweta ya mapacha. Hayo nilikuwa nimeyaweka mwisho, kama kilele. Nimeyafuma mwenyewe kwa spoku za baiskeli nilizozinoa kwenye sakafu. Kikaratasi kilisema: Kabla, sweta moja la mtu mzima. Baada, masweta mawili ya watoto.

Akauliza, "Sweta la nani?"

Nikamjibu, "La baba."

"Lile la kijani?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Lilikuwa limekaa tu sandukuni."

Shangazi, sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, mpaka Mama Mdogo aliponieleza baadaye, kwamba sweta lile alilinunua Baba Mkubwa kwa mshahara wake wa kwanza, akamvalisha mdogo wake siku anaondoka nyumbani kwenda kuanza maisha. Nadhani wewe ulikuwapo. Baba Mkubwa aliyachukua yale masweta mawili madogo akayaweka juu ya mapaja yake, akatazama ukutani. Nami, badala ya kunyamaza, nikaendelea kumweleza kwamba hata uzi uliobaki nimeufanyia kazi.

Kama hiyo haikutosha, Chiriku alichoka kusubiri, akachomoka chumba cha nyuma na kumrukia shingoni.

"Umekula nini leo, mama?" akamuuliza.

"Maharagwe ya kapuni."

"Na jana?"

"Ya kapuni."

"Nyama je?"

"Nyama mpaka aje mgeni." Akamtazama kwa matumaini makubwa. "Kwani Baba Mkubwa, wewe si mgeni?"

Alicheka, lakini kicheko kilimkatikia njiani. Alimteremsha mtoto, akamrudisha kwa wenzake kwa upole, kisha akafunga mlango. Aliyoniambia baada ya hapo nayaandika kama yalivyo, kwa sababu nimeshindwa kuyasahau.

"Mwanangu, umenionyesha kila kitu, nami nimeona. Hii si nyumba tena, hiki ni kiraka kimoja kikubwa. Watoto wa mdogo wangu wanalalia matambara, wanavaa kaburi la baba yao, na wewe unanibandikia vikaratasi?"

Nikamwambia kwamba hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyekosa shule, hakuna aliyevaa kilichochafuka.

"Na ukiitwa kazini mji mwingine kesho? Utawafunga kwenye begi?"

Ni kweli nimeomba kazi katika miji mingine. Ni kweli nazitamani kazi hizo, Shangazi, sitakudanganya. Kila bahasha inayopita mtaani moyo wangu huifuata mpaka ikunje kona. Nilisita, na kusita kwangu ndiko alikokuwa akikungoja. Palepale akanitajia nani anakwenda wapi. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo. Maonyesho yangu yalimwondolea tu shaka iliyokuwa imebaki.

Alipoondoka nilianza kuteremsha vitu kutoka kwenye kamba. Dada anayenifuata alikuja kunisaidia. Ni msichana asiye na maneno mengi, unamfahamu. Alikunja shuka, akakunja mashati, kisha akasema, "Kaka, soksi ulizitundika mbele, sisi ukatuweka nyuma ya mlango." Hakusema kwa hasira. Aliendelea kukunja.

Tangu hapo sijaweza kushika sindano. Natazama suruali iliyochanika goti na mkono hauendi. Jana niliharibu sufuria nzima ya maharagwe kwa kusahau kuifunika, tukala uji. Seremala amenipigia kelele kama kawaida yake, "Profesa, vipi, umekatika uzi?" Nimepita bila kumjibu, naye leo asubuhi amekuja mwenyewe getini, kofia mkononi, kuuliza kama kuna msiba.

Nilijaribu kumrudia Baba Mkubwa. Nilikwenda hadi kwake, nikaketi barazani mpaka akatoka. Alinipa chai, akaniuliza habari za kazi, na kila nilipolitaja jambo lenyewe alisema, "Hilo tumeshalimaliza." Mama Mdogo naye anasema hawezi kumpinga mkubwa wake. Hakuna mwingine hapa wa kumwendea.

Kilichonifanya niandike leo, kabla usiku haujanikuta bado naahirisha, ni mapacha. Sikuwaambia lolote, lakini kuta zetu unazijua, na walikuwa nyuma ya mlango. Tangu wazaliwe wanalala mgongo kwa mgongo. Leo mchana nimewakuta chumbani kila mmoja amejilaza kona yake, macho ameyafumba kwa nguvu. Nimedhani wamegombana. Nikauliza kulikoni. Mkubwa wao akanijibu bila kufumbua macho, "Tunajizoeza." Mdogo wake akaongeza, "Mimi nimeshaweza kidogo." Nimetoka nje, Shangazi, nikasimama nyuma ya tangi la maji kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Sasa nakuomba. Sikuombi fedha, wala sikuombi utume nguo. Wewe ndiwe uliyembeba Baba Mkubwa mgongoni alipokuwa mtoto. Nimemsikia mwenyewe akisema kwamba duniani amebakiwa na mtu mmoja tu anayeweza kumwambia "keti" akaketi, na mtu huyo yuko mbali. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie asubiri. Kama ni makosa, ni yangu, niyalipie mimi, wasilipishwe wao. Kama ni chakula, nitaongeza wanafunzi. Kama ni magodoro, nitaacha maringo yangu na kupokea msaada wowote atakaoutoa, hata mbele ya mtaa mzima. Kama ni kazi ya mji mwingine, sitaikubali mpaka pawe na chumba cha kutuweka sote.

Na ikiwa yote hayo hayatamgusa, basi nakuomba neno moja la mwisho, ambalo nimelizungusha kichwani mpaka limekuwa laini. Mwambie asiwatenganishe. Itafutwe nyumba moja, yake, ya Mama Mdogo, au hata ya kwako huko kwenye baridi, itakayowachukua wote sita pamoja. Nikiambiwa kwamba katika nyumba hiyo hamna nafasi yangu, sitabishana. Nitawafungashia mwenyewe, nitawapandisha garini mmoja baada ya mwingine, na nitabaki hapa na kapu langu. Nilikuwa nikidhani kwamba ninawaweka pamoja ili niwe mtu. Leo najua nipo tayari nisiwe nao, mradi wao wawe pamoja.

Nisalimie mzee wa nyumba, na umwambie redio aliyotuachia bado inasema. Msalimie binamu fundi umeme, na yule binamu mwanafunzi ambaye sasa nasikia ananizidi urefu. Mbusu mjukuu wako mpya, ambaye Chiriku anauliza kama ana meno. Dada anayenifuata anakusalimu sana. Hakutaka niandike zaidi ya hapo.

Mungu akulindie mgongo na miguu yako, akufungulie milango yote ya huko ugenini, na sauti yako aifikishe hapa kabla ya gari kufika.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote, ambaye Jumamosi asubuhi nitakuwa nimesimama getini.