Mtambo wa Upepo Nyumbani kwa Zuhura

Baba Saumu, mume wangu,

Eda yetu imekwisha. Nakuandikia kabla moyo haujaghairi.

Mtambo wako wa upepo bado unazunguka nyumbani kwa Zuhura, mke mwenzangu. Anawasha taa tatu, anachaji simu za nusu ya Tongoni, wala hanunui mafuta ya taa. Mimi huku kwenye minazi nina koroboi na moshi wake. Nilipokuuliza kwa nini umeuweka kwake, si kwangu mimi niliyekuzalia watano, ulinijibu, "Minazi inazuia upepo, Mama Saumu. Kwake ni wazi." Sikukuamini. Nilisema kumbe hata upepo unapenda bi mdogo.

Tukiwa edani upepo ulitulia siku nyingi, betri zikaisha, nikaona kwake giza kama kwangu. Nilifurahi. Mola anisamehe, nilifurahi sana.

Tulipotoka edani, upepo wa kusi ukaanza kuvuma, na mtambo ukawa unapiga kelele hadi majirani wakalalamika. Chumvi ilikuwa imekula chuma. Zuhura akaja mlangoni kwangu, macho chini. "Shikamoo dada. Mtambo unalia, na wewe ndiye uliyefundishwa."

Nilipanda ngazi mwenyewe. Nikafunga mapanga kwa kamba yasizunguke, nikatoa beringi iliyoliwa, nikatia mpya na kupaka grisi, kama ulivyonionyesha zile Jumamosi uliponichukua nikushikie spana kwa kuwa siogopi kupanda.

Niliposhuka, nilimkuta Zuhura analia. "Mlikuwa mnacheka huko juu, wewe na mume wetu," akasema. "Mimi hata ngazi hakuniruhusu kuigusa. Nilikuwa nafunga dirisha nisiwasikie."

Sikujua, Baba Saumu. Wallahi sikujua kama naye anaumia.

Tulitaka kuvuta waya mpaka kwangu, lakini ni mbali, umeme ungepotelea njiani. Basi ananiletea betri iliyojaa, nami nawasha taa yangu moja. Naishukuru. Nikitazama zake tatu, roho bado inaniuma.

Pumzika, mume wangu, Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi nitamfundisha Zuhura kuutunza mtambo, maana nami sitaishi milele. Nitamfundisha kila kitu.

Ila si mwaka huu. Mwaka huu acha kwanza aje aniite.

Mkeo,
Mama Saumu